Kampemba: Dekonte ikiingia mkononi, uiweke wapi ili ikulishe uzeeni?

Watu wa Lubumbashi wanaijua siku hiyo. Baba amefanya kazi miaka 25 au 30, kompanyi imemwita ofisini, amesaini karatasi, amepewa dekonte yake. Kufika jioni, habari imekwisha kufika kwa ndugu wote, wa Bel-Air, wa Bongonga na wa Kigoma. Mmoja anakuja na deni la hospitali, mwingine na minerval ya mtoto, wa tatu na mpango wa biashara "isiyoweza kuanguka". Na huyu mzee ambaye maisha yake yote alipokea mshahara wa mwezi kwa mwezi, leo ana mkononi pesa ambayo hajawahi kuishika kwa mara moja, na ambayo hataipata tena.

Aiweke wapi? Swali hili ni la mzee anayetoka kazini leo, na pia la kijana wa miaka 30 anayefanya kazi katika kompanyi za kartie Industriel au kwenye migodi, ambaye kila mwezi angeweza kutenga dola 20 au 50. Ni wachache waliofundishwa jinsi ya kulijibu, na jiji letu limekwisha kulipa bei kubwa kwa kukosa jibu.

Somo la mwaka 2003

Gécamines ilikuwa baba na mama wa Katanga. Mwaka 1986 ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Ilitoa mshahara, nyumba, hospitali, shule, hata unga. Kisha ikaanguka, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 haikuwa ikitoa hata sehemu ya kumi ya shaba ile. Wafanyakazi walikaa miezi na miezi bila mshahara.

Mwaka 2003 ukaja mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia na kusimamiwa na COPIREP, kamati ya kurekebisha mashirika ya Serikali. Uliitwa "départs volontaires", kuondoka kwa hiari. Zaidi ya watu 10,000 wenye miaka mingi ya kazi, wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, walikubali. Kila mmoja alipokea pesa kwa mara moja na mkataba wake ukaisha.

Wengi wao wamesema tangu hapo kwamba kiasi walichopewa hakikulingana na kile ambacho sheria ya kazi iliwapa haki ya kupata. Mwaka 2009 waliokuwa wafanyakazi walipeleka malalamiko yao hadi kwenye Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia, huko Washington. Ugomvi huo ni wa haki, na hatuupunguzi hapa.

Lakini kuna somo la pili, ambalo familia zenyewe zinalizungumza kwa sauti ya chini. Kwanza pesa ililipa madeni ya ile miezi bila mshahara. Iliyobaki ilienda kwenye nyumba, kwenye gari la kukodisha, kwenye biashara ya soko, kwenye shamba. Aliyekuwa fundi hodari wa mtambo alijikuta mfanyabiashara bila kujifunza biashara, na katika mji ambamo maelfu ya wenzake walifungua vibanda vilevile kwa wakati uleule. Mwanaanthropolojia Benjamin Rubbers wa Chuo Kikuu cha Liège amefuata maisha ya wafanyakazi hao kwa miaka na kuandika kitabu juu yao. Watoto wao hawahitaji kitabu ili kujua: wengi ndio waliobeba mzigo.

Kile unachokatwa kila mwezi

Kabla ya kuwaza mahali pa kuweka pesa, tazama kwanza ile ambayo tayari inakatwa kwenye karatasi yako ya mshahara. Mfanyakazi wa kompanyi binafsi anachangia CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, uliochukua nafasi ya INSS ya zamani. Sheria yake ni ile ya tarehe 15 Julai 2016. Wafanyakazi wa Serikali wana mfuko wao, CNSSAP, ulioanzishwa kwa dekreti ya Desemba 2015.

Kwa CNSS mchango ni asilimia 18 ya mshahara: mfanyakazi anakatwa 5, mwajiri anatoa 13. Katika hizo 13, tano zinaenda kwenye pensheni, na zilizobaki ni za posho ya familia na za ajali na magonjwa ya kazi. Kwa hiyo anayepata dola 400 kwa mwezi anakatwa dola 20, na mwajiri anapaswa kuongeza dola 52. Umri wa pensheni ni miaka 60, kwa mwanaume na kwa mwanamke.

Mchango huu hauna uchaguzi. Mfuko haukuulizi kama unataka nyumba, dhamana au hisa. Wenyewe ndio unaoamua. Lakini una kazi moja kubwa: kuhakikisha kwamba umeandikishwa. Kompanyi inaweza kukukata 5 kila mwezi na isipeleke chochote, na hasa katika kompanyi ndogo za mkataba mfupi, zile tunazoita sutretansi, mfanyakazi anagundua hilo siku ya kuondoka. Omba namba yako ya CNSS. Weka kila karatasi ya mshahara. Pita mara moja kwa mwaka kwenye ofisi yao uulize ni miezi mingapi imehesabiwa kwa jina lako. Mwezi ambao haukuandikwa leo ni vigumu kuutafuta baada ya miaka 20, wakati kompanyi imebadilisha jina au imefunga mlango.

Pensheni hii, hata ikilipwa vizuri, mara nyingi haitoshi kuendesha nyumba. Ndiyo maana kile unachotenga mwenyewe, pamoja na dekonte, ndicho chenye uzito.

Franka au dola?

Wazee wetu wana sababu ya kuogopa. Desemba 1979, Mobutu alitangaza kwamba noti za zaire 5 na 10 hazitumiki tena, na watu wakapewa siku chache tu za kuzibadilisha. Waliokuwa na akiba chini ya godoro waliipoteza. Miaka ya 1990 bei zilipanda hadi pesa ikawa karatasi. Ilipokuja franka ya Kikongo mwaka 1998, franka moja ilibadilishwa kwa zaire mpya 100,000.

Hata katika miaka ya karibuni hesabu inauma. Mwaka 2015 dola moja ilikuwa karibu franka 920. Mwaka 2024 ilikuwa karibu 2,800. Aliyeweka franka 920,000 mwaka 2015, yaani dola 1,000 hivi, na kuziacha zilale, miaka tisa baadaye alikuwa na thamani ya dola 330 tu. Hakuna mwizi aliyeingia nyumbani. Kweli, kuna nyakati ambapo franka inapanda, kama ilivyotokea mwishoni mwa 2025. Lakini kwa pesa ya miaka 15 au 20, usiiweke katika franka isipokuwa unalipwa faida inayozidi kupanda kwa bei.

Dola nazo zinapungua nguvu, ila polepole. Dola iliyofichwa nyumbani ina hatari nyingine: moto, wezi, na yule ndugu anayejua mahali ilipo.

Parsele na nyumba za kupangisha

Ukimuuliza mtu wa Kampemba mahali pa kuweka pesa ya uzeeni, karibu kila mara atajibu: jenga. Ukipita Bel-Air au Hewa Bora utaona hesabu hiyo kwa macho: nyumba kubwa mbele, na nyuma yake vyumba viwili, vitatu au vinne vya wapangaji. Jibu hilo si baya. Nyumba haiyeyuki pamoja na franka, pango linalipwa kwa dola au kwa thamani yake, na mzee anaweza kulisimamia akikaa kwenye kiti chake.

Lakini tuhesabu vizuri, kwa mfano tu. Tuseme umetumia dola 12,000 kujenga vyumba vinne kwenye parsele yako, na kila chumba kinapangishwa dola 50. Kwenye karatasi ni dola 2,400 kwa mwaka. Sasa toa miezi miwili ambayo vyumba vinakaa bila mtu au mpangaji halipi: zinabaki 2,000. Kodi ya mapato ya nyumba, ile inayokusanywa na jimbo kupitia DRHKAT, kwa miaka mingi imekuwa asilimia 22: toa 440. Bati, choo, rangi, bomba: tuseme 200. Unabaki na 1,360, yaani karibu dola 113 kwa mwezi. Ni asilimia 11 ya ulichotumia. Ni nzuri, lakini si zile 200 kwa mwezi ulizoziwazia.

Kumbuka pia garanti ya mpangaji. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema kwa nyumba ya kukaa isizidi miezi mitatu. Garanti si mapato. Ni pesa ya mpangaji ambayo utairudisha, na anayeila leo atakopa siku mpangaji anapohama.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye karatasi. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ni mali ya Serikali. Raia anapata haki ya kuitumia, na hati inayothibitisha haki hiyo ni sertifika ya anrejistrema. Karatasi ya chifu wa kartie, karatasi ya mauzo iliyosainiwa mbele ya mashahidi, livre de logère ya zamani, zote zinaeleza historia ya parsele, lakini hazina nguvu ya sertifika. Ndiyo maana parsele moja inauzwa mara mbili, na wanunuzi wote wawili wanakutana mahakamani. Kabla ya kulipa, nenda mwenyewe kwa konservatere wa hati za ardhi, uulize parsele hiyo iko kwa jina la nani, na kama kuna deni au ugomvi juu yake. Ukimwachia komisionere peke yake kazi hiyo, umemwachia uzee wako.

Na mke na mume wajue wote wawili. Nyumba nyingi ambazo baba alizijenga kwa dekonte yake zimekuwa sababu ya vita siku ya matanga, kwa sababu karatasi zilibaki kwa jina la mtu aliyefariki, au hazikuwepo kabisa.

Gari, shamba, duka

Gari la abiria linavutia kwa sababu linaleta pesa siku hiyohiyo. Tuseme umenunua Hiace ya okazyo kwa dola 9,000, na dereva analeta vershema ya dola 20, siku 22 kwa mwezi. Ni dola 5,280 kwa mwaka. Lakini pneu, mafundi, vipande, bima, vinyeti na karatasi za barabarani zinaweza kula 3,000 bila shida kwenye barabara zetu. Zinabaki 2,280. Baada ya miaka minne umepata dola 9,120: ni pesa yako ileile imerudi, na gari limechoka. Anayekula vershema yote kila siku bila kuweka ya kununua gari lingine anakula gari lenyewe. Ni vilevile kwa pikipiki unayompa manseba.

Shamba ni jambo jingine. Mahindi yanapandwa mvua ikianza, kati ya Novemba na Desemba, na yanavunwa kuanzia Aprili. Mbegu na mbolea zinalipwa mwanzoni, kwa pesa taslimu. Mapato yanakuja miezi sita baadaye, wakati ambao kila mtu anauza na bei imeshuka. Mji wetu unategemea sana unga wa Zambia, na bei ya hapa inafuata mpaka: ukifungwa, inapanda, ukifunguliwa, inashuka. Mwenye ghala na uvumilivu anaweza kupata. Asiyejua kulima, na anayemtuma mpwa wake kulima kwa simu, atalipa ada ya shule ghali.

Duka nalo linakula mtaji taratibu: kilo ya sukari kwa jirani, sabuni kwa shemeji, na daftari la madeni linanenepa wakati rafu zinakonda. Kanuni moja inatosha kwa yote matatu: usianze na pesa ya uzeeni kazi ambayo hukuwahi kuijaribu kwa pesa ndogo. Kama unapenda kuku, fuga 50 miaka mitatu kabla ya kutoka kazini.

Benki, Hazina na bima

Kuweka dola benki kwa muda maalum, ile wanayoita DAT, kunaleta faida ndogo, kwa kawaida asilimia chache tu kwa mwaka. Kwa dola 3,000, asilimia 4 ni dola 120. Hutatajirika nayo, lakini pesa iko mbali na mikono, na inangoja siku ya operesheni au ya paa lililoruka. Hata hivyo, benki nazo zinaweza kuyumba. Mwaka 2016, wateja wa BIAC walipanga foleni wakipewa kiasi kidogo tu kila mara. Mwenye akiba kubwa aigawe kwenye benki mbili, na aulize gharama za kila mwezi za akaunti, kwa sababu kwa akiba ndogo gharama hizo zinaweza kumeza faida yote.

Tangu Oktoba 2019, Serikali inauza dhamana za Hazina, bons du Trésor, kwenye minada inayoendeshwa na Banque Centrale du Congo; baadaye zikaja pia zile za dola. Wanunuzi wakubwa ni benki, lakini mtu binafsi anaweza kuuliza benki yake imnunulie. Faida yake kwa kawaida inazidi ile ya akaunti. Tofautisha tu mbili: ya franka inaonekana tamu, lakini Agosti 2023 Banque Centrale ililazimika kupandisha riba yake hadi asilimia 25 kwa sababu franka ilikuwa ikianguka, na faida kubwa ya franka mara nyingi ni malipo ya hatari hiyo. Na katika zote mbili, mdaiwa wako ni Serikali. Usimkopeshe kila kitu ulicho nacho.

Congo haina soko la hisa. Kenya inalo, na tangu 2017 wananchi wake waliweza kununua dhamana ya Serikali kwa simu, M-Akiba, kuanzia shilingi 3,000. Sisi hatujafika huko.

Upande wa bima, SONAS ilibaki peke yake tangu 1966 hadi sheria ya Machi 2015 ilipofungua soko. Kompanyi binafsi zilianza kazi mwaka 2019, na baadhi zinauza bima ya maisha na mikataba ya kuweka akiba ya uzeeni. Kabla ya kusaini, uliza mambo manne. Kompanyi ina ruhusa ya ARCA, inayosimamia bima? Mkataba ni wa dola au wa franka? Nikiacha kulipa baada ya miaka miwili, nitarudishiwa kiasi gani? Nikifa, nani analipwa, na kwa karatasi gani? Swali la tatu ndilo linalowafichua wauzaji.

Kitemo, na wale wanaoahidi miujiza

Kitemo, ambacho wengine wanakiita likelemba, kimejenga nyumba nyingi za Lubumbashi. Nguvu yake ni aibu: hutaki kuwa wewe uliyeshindwa kuleta zamu yako mbele ya wenzako. Lakini kitemo hakizai faida, na kikundi kinaweza kuvunjika kabla ya zamu yako. Kitumie kama njia ya kukusanya, si mahali pa kuhifadhi. Zamu ikikufikia, pesa iende siku hiyohiyo kwenye matofali au benki.

Kisha kuna wale wenye ahadi tamu. Mwaka 1990 na 1991, Kinshasa iliijua Bindo Promotion na nyingine za aina yake, zilizoahidi kuzidisha pesa za watu mara kadhaa katika muda wa wiki chache. Wa kwanza walilipwa kwa pesa za wa mwisho. Mwaka 1991 zikaanguka, na watu waliouza nyumba zao walibaki na risiti. Leo ahadi ileile inakuja kwa WhatsApp, ikivaa jina la kripto au la "trading", na mara nyingi inaletwa na mtu wa karibu ambaye naye amedanganywa. Kumbuka hesabu zetu: nyumba nzuri ilitoa karibu asilimia 11 kwa mwaka. Anayekuahidi asilimia 30 kwa mwezi, faida hiyo anaitoa wapi?

Na usiwe wewe benki Lambert. Wastaafu wengi wanajaribu kukopesha majirani kwa riba kubwa. Unaweza kulipwa mara tatu. Mara ya nne unapoteza pesa na jirani pamoja.

Kugawa kabla ya kutumia

Turudi kwa mzee wetu. Tuseme dekonte yake ni dola 15,000, na tayari ana parsele yenye nyumba yake. Anaweza kugawa hivi. Dola 2,000 zilipe madeni yote, ili pango la baadaye lisiende kwa wadai. Dola 3,000 zikae benki kwa dola, kwa ajili ya ugonjwa na kwa ajili ya miezi ambayo pensheni bado haijaanza kuja. Dola 8,000 zijenge vyumba viwili au vitatu, baada ya sertifika kupatikana, na si kabla. Dola 1,000 ziwe za shughuli anayoijua kwa mikono yake. Na dola 1,000 ziwe za ndugu, zitajwe waziwazi tangu siku ya kwanza.

Hiyo ya mwisho si mchezo. Huwezi kupokea dekonte Kampemba na kuwafungia ndugu mlango. Lakini ukiitisha familia, ukasema "sehemu yenu ni hii, nyingine imekwisha kufungwa benki na kwenye matofali", umejilinda bila kumtukana mtu. Usipotaja kiasi, sehemu ya ndugu itakuwa dekonte yote.

Na kijana wa miaka 30? Yeye ana kitu ambacho mzee hana: wakati. Dola 30 kila mwezi ni 360 kwa mwaka. Kwa miaka 25 ni 9,000, kabla ya kuhesabu faida hata moja. Ni parsele na vyumba vyake, vilivyolipwa taratibu bila kungoja siku moja ya bahati. Waliotoka Gécamines mwaka 2003 walilazimika kuamua maisha yao ya uzeeni katika wiki chache, wakiwa na njaa na madeni. Anayeanza mwezi huu ana miaka 25 ya kuamua, na anaweza kukosea mara moja au mbili bila kuanguka.

Kazi ya kwanza haihitaji hata franka moja: chukua karatasi yako ya mshahara ya mwezi uliopita, tafuta mstari wa CNSS, na kesho uende kuuliza kama pesa hiyo imefika.